Nyayo Alizozifuta Hibo

Hibo anauza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa, na meza yake imepakana na yangu. Mimi nauza ndizi na nyanya kutoka shamba letu la kando ya Tana, kwa hiyo kwake mimi ni Mama Ndizi, ingawa jina langu ni Arbia na analijua vizuri sana. Yeye ni mtu wa ngamia, mimi ni mtu wa mto, na utani wetu hauishi. Yeye husema sisi tunanuka tope. Mimi humwambia watu wa ngamia hawajui maji mpaka wayaone ndani ya jerikeni. Mteja mgeni akitusikia hudhani tunagombana, huondoka bila kununua, na hapo ndipo tunapogombana kweli.

Ni mwanamke mwenye sauti. Akifungua dumu lake lililofukizwa moshi, soko zima linajua Hibo amefika. Askari wa kaunti wanamwogopa, madalali wa mbuzi wanamwogopa, na dereva wa lori aliyewahi kumwambia maziwa yake yana maji hakurudi tena upande wetu. Sijaona mwanamume sokoni ambaye Hibo anamwogopa. Anaogopa kitu kimoja tu, nacho ni jicho la mtu likimwangukia mtoto wake.

Sitamcheka kwa hilo, na wewe usimcheke kabla hujasikia.

Mtoto wake wa kwanza, Abdimalik, alitembea mapema mno. Alikuwa hajatimiza miezi tisa walipompeleka kwenye harusi ya jamaa zao. Mama yake akamweka chini kwenye mkeka, na yule mtoto akainuka akavuka mkeka wote, katikati ya wanawake, kama mzee anayekwenda msikitini. Wakacheka, wakapiga makofi. Mmoja akasema tazameni miguu ya huyu, huyu ni mwanamume tayari. Hakuna aliyesema mashallah ya kuzuia jicho, au kama alisema, Hibo hakusikia. Kabla ya wiki kwisha mtoto alishikwa na homa, na homa haikumwachia.

Ulikuwa mwaka wa mafuriko. Maji yalipotoka kwenye nyumba yaliacha mbu, na mbu wakaingia kila chandarua. Homa ile ilichukua watoto wengi, waliotembea na wasiotembea. Daktari alimwambia Hibo hivyo, na mimi nilimwambia. Alitusikiliza kwa adabu. Lakini alikuwa ameshapata jibu lake, na mama aliyezika mtoto huwezi kumnyang'anya jibu.

Kisha akazaliwa Filsan.

Filsan alifungwa uzi mweusi mkononi na hirizi ndogo ya ngozi shingoni, na Hibo akawa anamleta sokoni mgongoni kila siku. Mchana alimlaza nyuma ya makreti yangu ya nyanya, mahali penye kivuli na pasipopita watu. Huko nyuma ndiko nilikoona mambo. Mtoto alikaa mwenyewe wakati wenzake wanaangushwa na shingo zao. Siku moja, akiwa na miezi sita na kidogo, nilisikia kreti linagongwa, nikageuka. Filsan alikuwa amesimama ameshika ukingo, ana nyanya mdomoni, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa.

Nilifungua mdomo nipige kigelegele. Hibo alinirukia akaniziba mdomo kwa mkono unaonuka maziwa.

"Usiseme, Mama Ndizi. Walahi usiseme mtu."

"Nisiseme nini? Mtoto kusimama?"

"Yule ya kwanza bia alianza hivi hivi." Hibo akisema Kiswahili, p humgeukia b. Alikuwa amemkalisha mtoto tayari, anamfunika kwa leso. "Hii mimi nataka bolebole. Mtoto ya kukaa tu. Watu wanabita, hawaoni kitu, wanaenda."

"Na mimi niliyeona?"

"Jicho ya watu ya ndizi haishiki."

Nilicheka. Nilipomtazama usoni nikaona yeye hacheki hata kidogo. Aliniapisha palepale, mbele ya nyanya zangu, nami nikaapa, maana nilidhani ni jambo la kupita.

Halikupita. Kabla hajatimiza miezi minane Filsan alikuwa anatoka kreti hadi gunia. Baada ya hapo anatoka gunia hadi kwenye mguu wangu, ananivuta dera nimpe ndizi. Nimelea watoto watano na sijaona miguu kama ile. Mama mwingine angempigia simu baba mtu, angecheza. Hibo kila hatua ilimpiga kama kofi. Nilikuwa nikimwona anapima maziwa huku jicho moja liko nyuma, na mtoto akiinuka tu, midomo ya mama inaanza kusoma dua. Alikonda. Alianza kuota ndoto mbaya, na asubuhi hutaka kunisimulia, nami namwambia ndoto mbaya haisimuliwi, tema mate kushoto yaishe.

Mumewe, Mahat, ni dereva wa lori la mizigo. Siku hizo alikuwa njia ya Mandera, pancha baada ya pancha. Alipiga simu akiwa Kutulo, na nilimsikia akiuliza Filsan anafanya nini. "Anakaa tu," Hibo akamjibu. Wakati huohuo Filsan amesimama anavuta mizani yangu.

Nyumbani ilikuwa kazi kubwa zaidi. Hibo anaishi na mama mkwe wake, Sirad, katika bula moja, yaani kijiji, upande wa mto, nyumba za mwisho kabla ya mashamba. Jioni alimbeba mtoto kiunoni mpaka mkono unakufa ganzi. Sirad akisema mshushe, atajifunzaje kutambaa, Hibo anajibu ana mafua, ana usingizi, ana njaa. Lakini mtoto aliyefungwa kutwa nzima hulia, kwa hiyo alfajiri, kabla mama mkwe hajatoka kuswali, Hibo alimfungulia uani anyooshe miguu. Kisha alichukua fagio akafuta kila unyayo.

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu mchanga. Sisi watu wa mto tunasoma maji. Wenzetu waliokulia nyuma ya ngamia wanasoma mchanga. Kuna mzee Mborana anaitwa Isacko, anauza maji kwa mkokoteni wa punda, na ujana wake wote alichunga ngamia pande za Wajir. Huyu akiingia uani kwa mtu, kabla ya salamu kwisha atakwambia jana ulikuwa na mgeni, ana ndara iliyokatika na anachechemea. Hakosei. Ngamia akipotea wanamfuata yeye, na hata punda wake mwenyewe akitoroka hamkimbilii, anatembea tu na fimbo nyuma ya kwato. Isacko huleta maji kwa Sirad kila asubuhi. Kwa hiyo Hibo alifagia kabla ya Isacko, na alifagia vizuri, nyuma ya nyumba, kando ya uzio, hata chini ya kamba ya nguo.

Nilinunua viatu vidogo nikampa mtoto zawadi. Hibo alinirudishia siku hiyohiyo. Akasema mtoto asiyetembea anavaa viatu vya nini, watu watauliza.

Matokeo yake unaweza kuyaona. Sirad akaanza kuhofia mjukuu wake ana udhaifu wa miguu. Mtoto anakaribia miezi tisa, hatambai, hasimami, amefungwa kwenye shuka kama mgonjwa. Alileta mafuta ya simsim, akamwamuru Hibo amsugue magoti asubuhi na jioni. Na Hibo akawa anasugua, kwa utii, miguu ambayo ilikuwa inamtia hofu kwa nguvu zake. Nilimwambia, "Utaendelea mpaka lini?" Akasema mpaka afike mwaka na nusu. Ndipo atamwonyesha kwa watu, atembee na wenzake, asiwe na ajabu. Nilihesabu kimoyomoyo nikaona ni mbali sana.

Halafu akaja Eddo Bilan.

Eddo ni shangazi. Huyu ni shangazi wa Mahat, mwenyeji wa Modogashe, na sifa zake zilifika Garissa kabla yake. Wanasema alimsifu ngamia wa jirani kwa maziwa mengi, na jioni chuchu zikakauka. Wanasema alimwambia bibi harusi nywele zako ni nzuri, na nywele zikaanguka. Mimi nilipomwona niliona bibi mrefu mwenye meno machache na maneno mengi, basi. Tena alikuja kutibiwa macho, mtoto wa jicho, na hilo ndilo lililommaliza Hibo kabisa. Alinishika mkono akanong'ona kwamba jicho lenyewe limeletwa mjini kunolewa.

Hapo nilicheka tena. Siku hizo nilikuwa nacheka ovyo.

Bilan alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, akafungwa bandeji, akarudi kwa Sirad kupumzika. Kesho yake asubuhi akatoa amri. Mtoto leo abaki. Nimetoka Modogashe, sijampakata mtoto wa Mahat hata mara moja, kila nikiamka yuko sokoni. Abaki. Sirad akasema abaki. Na huko kwao mke wa mtu hasimami mbele ya mama mkwe na shangazi wa mume akasema hapana. Hibo anayetisha askari wa kaunti aliinamisha kichwa akasema sawa.

Alifika sokoni mgongo mtupu. Alimwaga maziwa kwenye meza, na maziwa Hibo hamwagi. Alinieleza kwamba alimshibisha mtoto, akamviringisha shuka kuanzia kifuani mpaka miguuni, akafunga fundo nyuma, akamlaza kwenye mkeka chini ya kivuli. Akawaambia msimfungue, ana baridi.

"Baridi!" nikasema. "Garissa? Februari?"

"Nilikosa ingine ya kusema."

Asubuhi nzima aliitazama simu yake. Aliogopa itaita, na mtu atasema, kwa furaha, Hibo, kumbe mtoto wako anatembea. Hilo ndilo aliloliogopa, na mimi niliogopa pamoja naye, kwa sababu hofu yake ilikuwa imeshaniingia. Hakuna kati yetu aliyewaza jambo lingine.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshapita simu ilipoita. Alikuwa Sirad, na analia. Filsan hayupo, Filsan ameibiwa.

Niliacha ndizi wazi juani. Tuliingia tuktuk ya kwanza, Hibo akiwa na kikombe cha kupimia maziwa bado mkononi. Barabarani nikamwambia, "Mpigie mama mkwe umwambie mtoto anatembea. Wanatafuta mwizi, na mwizi hayupo."

Akatikisa kichwa.

"Hibo!"

"Eddo Bilan iko hapo," akasema. "Iko hapo na wanawake yote. Nitatafuta mimi mwenyewe."

Nilimkasirikia. Nilimshika bega nikamtikisa mbele ya dereva. Lakini alinitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kuzika mmoja, nikamwachia. Nilijiambia tukifika tu, kama hatasema, nitasema mimi. Kiapo nitakilipia baadaye.

Ua wa Sirad ulikuwa umejaa watu. Vijana walikuwa wameshakimbilia barabara kuu kusimamisha magari yanayoelekea darajani, wengine wamekwenda stendi ya mabasi. Ilikuwa na mantiki. Mtoto asiyetembea wala kutambaa akitoweka, kuna mtu amembeba. Shuka lilikuwa palepale kwenye mkeka na fundo lake halijafunguliwa. Mtoto alikuwa amejinyofoa kwa juu, kama mtu anavyotoka kwenye soksi. Wao walisema mwizi alimchomoa ili wasimtambue kwa shuka.

Sirad alikaa chini, mchanga kichwani. Alirudia neno moja: waliingia ndani kuswali, yeye na Bilan, rakaa nne tu, wakamwacha pale, kwani angeenda wapi?

Isacko alikuwa kando ya uzio, mahali penye pengo ambalo mbuzi hupitia. Nilimsikia akiwaambia wanaume, kwa Kiswahili chake:

"Langoni iko mguu ya watu ya hapa tu. Sijaona mgeni. Hapa iko mguu ya mtoto, inatoka nje. Lakini hii ni mtoto ya kutembea, hii ya jirani. Yetu hajui kutembea. Kila asubuhi naleta maji, mguu yake sijaona hapa."

Wakakubaliana. Mmoja akaukanyaga unyayo mmoja akipita kwenda kuita gari la kwenda polisi.

Hibo alipiga magoti kwenye pengo la uzio. Nami nilichungulia juu ya bega lake. Nyayo zilikuwa ndogo, kidole gumba cha kulia kimeelekea ndani. Hakuhitaji kuambiwa na Isacko. Alikuwa amezifuta kila alfajiri kwa mkono wake.

Zilikwenda upande wa mto.

Kutoka uzio ule ni njia ya punda wa maji, inashuka kati ya miti ya miiba ya mathenge mpaka ukingoni. Mwezi wa Februari maji yamepungua, na mamba hulala juu ya mchanga mchana, midomo wazi. Wenzangu pale uani walikuwa wanafikiria mabasi. Mimi ni mtu wa mto. Nilifikiria mamba.

Hibo akainua uso. Mbele yake alikuwa amesimama Eddo Bilan. Jicho moja limefungwa bandeji nyeupe, la pili limemkazia Hibo, halipepesi.

Ninajua Hibo alichokuwa anafikiria, maana alikuja kuniambia. Akisema, anamtoa mtoto mbele ya jicho lile na ya watu wote wa bula, kwa mkupuo, na mtoto atakwenda kama kaka yake. Asiposema, mtoto ameshakwenda. Nilivuta pumzi niseme mimi.

"Ni zake," akasema kwa Kisomali, polepole. Halafu akapiga ukelele. "Ni zake hizi! Filsan anatembea! Anatembea tangu zamani, anatembea kila siku, anakimbia! Nilikuwa nazifuta! Mtafuteni mbali, mtoto wangu anatembea!"

Sirad akainua kichwa na mchanga unamtiririka usoni.

"Mashallah!" Ilikuwa sauti ya Bilan, kali, ya kugomba. "Semeni mashallah, nyinyi, mmesimama nini? Semeni!" Na watu wote wakasema, ua mzima, na Isacko hakungoja wamalize. Alikuwa ameshainama, fimbo mbele, anapenya pengo la mbuzi.

Sijawahi kutembea mwendo mbaya kama ule. Mzee alikwenda taratibu, na Hibo alitaka kukimbia. Isacko akamzuia kwa fimbo. "Usikanyage mbele yangu, mama. Ukikanyaga, tumekosa." Kwa hiyo mama akatembea nyuma ya mgongo wa mzee, hatua kwa hatua, na mto unaonekana kati ya matawi, umenyamaza. Punda wa mchana walikuwa wamekanyagakanyaga njia. Isacko anasimama, anatazama, anakwenda kushoto, anarudi. Hapa amekaa, akasema, na kweli palikuwa na alama ya makalio madogo. Hapa ameinuka. Ndege mmoja, kongoti, alikuwa amesimama njiani, mrefu kuliko mtoto mara mbili, akasogea bila haraka kutupisha.

Kisha mchanga ukaisha. Mbele yetu ulikuwa udongo mgumu wa ukingo, umepasuka kwa jua, na hauchukui alama. Isacko akanyooka. Hibo alimtazama mdomo, akingoja, na mzee akatazama pembeni.

Mimi nilitazama maji. Nilitafuta kitambaa, nilitafuta povu, nilitafuta ule ukimya wa maji yaliyomeza mtu, ambao sisi tunaujua. Hibo akaanza kushuka, na nilimdaka dera kwa nguvu zangu zote kwa sababu nilijua hatasimama ukingoni.

Ndipo tukasikia kilio. Hakikuwa kilio cha hofu, kilikuwa cha hasira, cha mtoto aliyeudhiwa. Kilitoka ndani ya kichaka cha mathenge, mahali ambapo ukingo unakatika wima na kudondoka kwenye maji. Filsan alikuwa ameketi chini ya matawi, uchi isipokuwa hirizi na uzi wake, ameshika mguu wake kwa mikono miwili. Mwiba wa mathenge umeingia kwenye unyayo, mrefu, umesimama.

"Mwiba imemkalisha," Isacko akasema. Sauti yake haikuwa imara. "Angekuwa na kiatu, angefika."

Hibo alimchukua mtoto akamkumbatia, wala hakuthubutu kuugusa mwiba. Niliutoa mimi. Wanawake walikuwa wamefika nyuma yetu, kila mmoja anasema mashallah, na Hibo akamfunika mtoto kichwa kwa mtandio, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kuficha.

Ungedhani hofu iliishia hapo. Ilianza upya. Siku zilizofuata Hibo hakuja sokoni, nikauza maziwa yake kwa niaba yake, nikanuka mimi. Alikaa ndani anangoja homa. Na homa ikaja kweli. Mguu ulivimba, mtoto akachemka, na Hibo akanipigia simu akisema neno moja, "Imeanza." Niliacha kila kitu nikaenda. Walimpeleka zahanati, wakamwosha kidonda, wakampa dawa. Hibo alikaa naye mapajani akimtazama usoni kama mtu anayemtazama kwa mara ya mwisho. Mahat alipiga simu, akauliza kama kawaida yake Filsan anafanya nini. Akamwambia yote. Nilisikia lori likizimwa upande wa pili, kisha baba mtu analia.

Homa ilishuka. Uvimbe ukaisha. Siku iliyofuata Hibo alimtazama, na iliyofuata, na mtoto akadai kushuka chini.

Alirudi sokoni. Filsan akatembea mbele ya meza, hadharani, na Hibo akawa mtu wa kushtuka kila mteja akiinama. Siku moja, karibu na saa ya chai, akatokea Eddo Bilan na mfuko wa plastiki. Bandeji imetolewa. Alikuwa anangojea gari la Modogashe. Hibo alimvuta mtoto nyuma ya dera lake bila kujua kwamba anafanya hivyo. Mimi niliona, na Bilan aliona.

Akatoa viatu vidogo vyekundu, vile vyenye filimbi kisiginoni, vinavyolia kila mtoto akikanyaga.

"Najua wanavyosema juu yangu," akasema. "Ni tangu nilipokuwa msichana. Ngamia ya watu ikifa, nilipita hapo. Na wewe ulikuwa unamfunga mtoto shuka kwa sababu yangu." Bibi akainama akamvisha mtoto viatu, uso ameugeuza pembeni. "Nimechagua vinavyolia. Atembee, nitamsikia. Si lazima nimtazame."

Kisha akaketi kwenye kreti langu, akampa mtoto mgongo, na juu ya hapo akafunika macho yote mawili kwa kiganja.

Filsan akaanza kutembea. Kwi, kwi, kwi. Soko lote likageuka. Bibi anasikiliza, tabasamu limemjaa meno yake machache. Hibo ameshika kikombe cha kupimia, amepauka, midomo inasoma, kila mlio unamfumba macho. Kwi, kwi. Kisha kimya.

Kikombe kilianguka. Hibo aliruka meza, maziwa yakamwagika, akafika upande wa pili akiwa hana pumzi. Filsan alikuwa amesimama mbele ya Eddo Bilan, ameshika magoti yake, anauvuta ule mkono uliofunika macho ili aone nani yuko nyuma yake. Bibi amekaza kiganja, hataki.

Hibo alisimama pale. Mikono ilikuwa imejikunja tayari kumnyakua mtoto.

"Ondoa mkono, Eddo," akasema, na sauti ilikuwa inatetemeka vibaya. "Mtazame."